Nafasi ya Mpira

Katika karakana ya mzee Nyundo mlango wa gari haubamizwi. Unausukuma kwa kidole kimoja, unaitika "ta", yamekwisha. Ukiubamiza, mzee atakuuliza kama kwenu kuna vita. Ndiyo maana magoti yalipomchosha akataka kumkabidhi mmoja wa wanawe ufunguo wa karakana, mtihani alioutoa ulikuwa wa milango.

Lilikuwepo lori kuukuu la pua ndefu, ambalo mstaafu mmoja alitaka lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Kichwa chake kilikuwa kimeshanyooshwa, imebaki milango miwili tu. Wa kushoto alipewa binti wa mzee, ambaye mafundi walimwita Kipimo kwa sababu hata chai aliipima kwa jicho kabla ya kuinywa. Wa kulia alipewa mdogo wake, Bosi. Jina hilo alibandikwa tangu anatambaa, na hajawahi kufanya kazi ya kulifuta.

"Mlango utakaofunga kwa kidole siku ya Ijumaa, aliyeufunga ndiye mwenye karakana," mzee alitangaza mbele ya mafundi wote.

Kipimo aliutaka ufunguo ule kuliko kitu chochote duniani. Miaka kumi na minne alikuwa amelala chini ya magari ya watu, kutu ikimwingia machoni. Aliutundika mlango kwenye bawaba, akauegemeza kwa kabari za mbao alizochonga mwenyewe, akalegeza bolti, akauinua kiasi cha ukucha, akakaza, akafungua, akaanza upya. Mfukoni alikuwa na kipande cha mpira wa mlango, ule wa ukingoni unaozuia maji na vumbi. Mipira mipya ya lori ilikuwa bado njiani, lakini baba yake ndiye aliyemfundisha, tena kwa makonzi, kwamba mlango huachiwa nafasi ya mpira wake. Usipoiacha, siku mpira ukivishwa mlango haufungi, na wewe utakoma.

Bosi hakuacha nafasi hata ya karatasi. Alivuta, akagonga, akakaza, na saa sita alikuwa amelala kwenye kiti cha dereva mdomo wazi.

Ijumaa mzee akausukuma mlango wa Bosi kwa kidole. Ta. Akausukuma wa Kipimo. Ulifunga, lakini ukawa unacheza kama jino la mtoto. Mafundi wakatazama chini. Kila mmoja wao alijua kwa nini unacheza.

"Kidole ni kidole," mzee alisema, akampa Bosi ufunguo.

Kipimo alimtazama baba yake usoni, akitafuta uzee, macho yaliyochoka, udhuru wowote ule. Mzee akaanza kuitafuta fimbo aliyokuwa ameishika. Waliosema mcheza kwao hutunzwa hawakupita karakana hii.

Jumatatu mipira ikafika. Mlango wa Kipimo ulifunga kwa kidole cha mwisho. Wa Bosi uligoma, ukarudi ukamgonga kiunoni. Mzee akamwita binti yake nyuma ya karakana, kwenye mapipa ya mafuta machafu.

"Mama, mrekebishie mdogo wako. Mwenye lori anakuja saa kumi."

"Ulijua, baba."

"Nilijua."

"Tangu Ijumaa?"

"Tangu siku ya kwanza." Mzee alishusha pumzi. "Wewe popote utakapokwenda watakugombania. Yeye akikosa hapa, nani atamchukua?"

"Kwa hiyo nimenyimwa kwa sababu najua kazi."

"Usiseme hivyo, mwanangu. Mtakuwa pamoja. Yeye ashike ufunguo, wewe ushike kazi."

Afadhali angeambiwa hajui kazi. Hilo angelijibu kwa spana. Alikitoa kile kipande cha mpira mfukoni, akakiweka kwenye kiganja cha baba yake. Akakusanya kabari zake tatu, akatoka.

Hakuwa amefika mbali alipousikia mlango wa kulia ukibamizwa. Ukabamizwa tena. Mara ya tatu ulibamizwa taratibu, na mtu mwenye magoti mabovu. Kipimo akajikuta amesimama katikati ya njia. Kwa mlio tu alijua ni bolti ya bawaba ya chini, ilegezwe nusu mzunguko, basi. Machozi yakamtoka kwa hasira, maana mguu mmoja ulikuwa umeshageuka kurudi. Akauvuta, akaenda zake.