Vibarua Thelathini na Saba

Kila siku, saa kumi kasoro dakika tano za jioni, mlinzi wa daraja huvuta mnyororo na kufunga njia. Lori likikuta mnyororo umefungwa, dereva huzima injini na kushuka kunyoosha miguu. Dereva mgeni huuliza kuna nini. Mlinzi humjibu, "Robo saa tu, ndugu yangu. Wanaoshika daraja wameenda kuitwa majina." Mgeni huangalia saa yake, husema "haya", hukaa kivulini.

Daraja lile lilichorwa nguzo tatu. Nguzo zilizopo ni mbili. Mahali pa nguzo ya tatu wamesimama wanaume thelathini na saba, maji kifuani, mabega yamebeba zege, mwaka wa arobaini na tatu sasa. Mainjinia wamekuja mara mbili wakapima, wakaandika kwamba daraja liko imara kuliko mengi waliyowahi kuona, nao hawakusema uongo.

Mji wenyewe si mkubwa. Mto unauzunguka pande tatu, upande wa nne kuna kilima cha mawe ambacho hata mbuzi wanakipanda kwa kusita. Ukitaka kutoka, ni darajani tu. Kuna barabara moja, na barabara hiyo ina kona moja, kwa sababu bibi mmoja alikataa katakata kubomoa jiko lake, na waliokuja na kamba za kupimia walimwona, wakaona afadhali wapinde barabara. Kuna mashine ya kusaga, shule, posta inayofunguliwa Jumanne na Alhamisi, kibanda cha fundi wa kuchomelea, na zahanati yenye vyumba viwili na kitanda kimoja cha kujifungulia. Ukipiga chafya mashineni, mtu wa posta anakuambia "afya". Mimi nimeona miji mikubwa yenye taa za kila rangi, na bado sijaona watu wa kuwafananisha na hawa.

Waanzilishi wake walikuwa wasafiri waliokuwa wakisubiri maji ya mto yapungue. Yalipungua baada ya miezi mitatu. Lakini wakati huo walikuwa wameshachimba vyoo, na mtu akishachimba choo, huyo ameshahamia, hata kama mwenyewe hajajua.

Wanaume wa darajani hupanda ukingo kwa mstari mmoja mpaka kwenye baraza la ofisi ya mji, wakitiririka maji. Katibu wa mji huwa ameshatandika magunia ili wasiteleze. Katibu ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, na watu wanamwita Mama Mhuri kwa sababu ya mhuri wa mji anaoutunza ndani ya soksi ya sufu. Hufungua daftari na kuanza kuita. Msimamizi wao wa zamani hakuwa na habari na majina yao halisi, kwa hiyo wanaitwa kwa majina aliyowapa yeye.

"Mrefu."

"Nipo."

"Mrefu wa Pili."

"Nipo."

"Baba Pacha."

"Nipo."

"Chelewa." Hapo husubiriwa kidogo, kwa maana Chelewa ndiyo kwanza anapanda ukingo. Miaka arobaini na mitatu, hajawahi hata siku moja kufika na wenzake.

Wa mwisho kuitwa ni Kimya. Kimya ana miaka ishirini na sita, ndevu hazijamjaa vizuri, na ni baba yake Mama Mhuri. Akishasema nipo, hukaa kwenye benchi karibu na bintiye dakika tano zilizobaki, humuuliza amekula nini, hamjibu sana akiulizwa yeye. Kisha hurudi kazini na wenzake, na mlinzi hufungua mnyororo.

Sababu ya kukosekana kwa nguzo ya tatu imehifadhiwa kwenye droo ya Mama Mhuri. Ni nakala ya ripoti ya ujenzi, yenye sentensi hii: "Katika mafuriko ya tarehe kumi na tisa, majembe kumi na mawili, vyombo vinane vya kubebea mchanga na vibarua thelathini na saba vilipotea majini. Tunaomba vingine." Karani aliyeiandika alisifika kwa sarufi. Wengine wanasema siku ile alikuwa amechoka. Wengine wanasema hakuchoka hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba aliandika vilipotea badala ya walipotea, na wilayani, ambako neno kibarua walilijua pia kwa maana ya kile kikaratasi cha kuingilia kazini, walisoma wakaelewa kuwa karatasi zimelowa. Baada ya wiki mbili posta ikaleta bahasha yenye vikaratasi thelathini na saba, vipya, havijaandikwa kitu. Navyo vimo kwenye droo ile ile.

Wajane walivigawana siku moja, wakavitazama, wakavirudisha.

Basi mwaka wa sensa, ikaja barua kutoka wilayani kwamba mji wenye watu chini ya mia sita si mji tena, ni mahali, na mahali hapawekewi zahanati. Mama Mhuri alihesabu mara tatu. Mara zote alipata mia tano sitini na tatu. Binti yake, mwalimu wa darasa la kwanza, alikuwa na mimba ya miezi mitano, na zahanati ya karibu upande wa pili ilikuwa mwendo wa saa nne za barabara mbovu. Mama Mhuri mwenyewe alikuwa amejifungua kwa taabu, akaokolewa na mkunga wa zahanati hii hii. Aliongeza thelathini na saba kwenye mia tano sitini na tatu. Akaweka kalamu chini, akacheka peke yake ofisini.

Karani wa sensa alifika kwa pikipiki, bwana wa makamo mwenye kalamu tatu mfukoni. Alikwenda nyumba kwa nyumba siku mbili. Siku ya pili, saa kumi, alikuwa kwenye baraza la ofisi wanaume walipopanda.

"Na hawa?" akauliza.

"Hawa ni wa darajani," alisema Mama Mhuri.

"Fomu inauliza jambo moja tu: nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa. Walilala hapa?"

"Wamelala hapa tangu mimi nina mwaka mmoja."

Karani wa sensa aligeuza ukurasa. "Basi ni wakazi. Tuanze, maana naambiwa mna robo saa."

Mrefu alijibu, Mrefu wa Pili akajibu. Bwana yule alikuwa na mkono mwepesi, mashallah, wala hakumkatisha mtu. Chelewa alifika, akaomba radhi, akaandikwa. Ilipofika zamu ya Kimya, aliulizwa umri.

"Ishirini na sita."

"Uhusiano na mama huyu?"

"Binti yangu."

Karani alimtazama baba, akamtazama binti mwenye mvi mbili tatu, akaandika. "Wanafanana kwenye paji la uso," alisema. "Kazi?"

"Kibarua."

Mama Mhuri alikumbuka ile ripoti ya kwenye droo. "Baba, sema mjenzi," alisema haraka. "Au fundi. Mwandike fundi, ndugu yangu. Wote waandike mafundi."

"Naweza kuandika fundi," alisema karani. "Mimi sina neno."

Kimya alitikisa kichwa. "Ufundi sikusomea. Mafundi walikuwa wanakaa upande ule wenye kivuli. Sisi ni vibarua, na hii kazi unayoiona imefanywa na vibarua. Andika hivyo."

Wenzake thelathini na sita walisema ni kweli. Mama Mhuri alitaka kubisha, lakini dakika zilikuwa zimekwisha na upande wa pili lori lilikuwa linapiga honi. Karani akaandika kibarua mara thelathini na saba, kwa herufi nzuri. Jumla, mia sita kamili. Alimpa Mama Mhuri mkono na kumwambia kuwa katika miji yote aliyopita, hakuna uliomjibu kwa utaratibu namna hii.

Mji ulilala salama kwa wiki saba. Kisha posta, siku ya Alhamisi, ikaleta barua.

"Kumbukumbu zetu zinaonyesha," ilisema, "kwamba vibarua 37 vya hapo vilipotea majini na vingine vilitumwa. Havitahesabiwa tena. Idadi ya watu ni 563. Zahanati itahamishwa kabla ya mwisho wa mwezi."

Mama Mhuri aliandika majibu siku hiyo hiyo. Aliomba, kwa heshima zote, wasome "wa" mahali palipoandikwa "vi". Alieleza kwamba ni silabi moja tu. Wilayani walijibu upesi, hilo tuwape. Walisema marekebisho ya silabi yanaruhusiwa endapo wahusika watafika wenyewe ofisini, saa za kazi. Safari ya wilayani, kwenda tu, ni saa sita. Wahusika walikuwa na robo saa.

Lori lilikuja Jumatatu, saa tatu asubuhi. Walipakia kitanda cha chuma, kabati la dawa, tangi la maji, mizani ya watoto na mlango mmoja ambao sijui walikuwa na haja nao gani. Mkunga alikaa mbele karibu na dereva, mkoba wake mapajani. Mji mzima ulisimama ukingoni. Lori liliingia darajani taratibu, likafika pale pasipo na nguzo, na daraja halikutikisika hata kwa unywele mmoja.

"Si wangeliachia tu, hao walio chini," alisema fundi wa kuchomelea.

Lori lilipita, likapanda upande wa pili, likaondoka.

Saa kumi wanaume walipanda, wakaitwa, wakaitika. Kimya akakaa kwenye benchi.

"Asubuhi kulipita kitu kizito," alisema.

"Zahanati, Baba."

Maji yalimdondoka kutoka kwenye viwiko mpaka kwenye gunia.

"Mngeachia," alisema Mama Mhuri, na sauti yake haikuwa ya katibu. "Mko chini pale, mnabeba kila kitu, na wao hawajui hata kama ninyi ni watu. Leo mmewabebea kitanda cha mjukuu wako! Kwa nini hamkuachia?"

"Kulikuwa na mama mbele, analia," alisema Kimya. "Tulimsikia vizuri kabisa." Akapangusa uso, ingawa haikusaidia. "Mjukuu wangu atajifungulia wapi sasa?"

"Ng'ambo. Itabidi apelekwe uchungu ukianza."

"Lini?"

"Mwezi ujao. Siku haijulikani, saa ndiyo kabisa."

Kimya aliwatazama wenzake waliokuwa wamejipanga ukutani. Baba Pacha alitazama chini. Mrefu akajikohoza.

"Basi mwezi ujao msituite," alisema Kimya.

Mama Mhuri alifunga daftari kwa nguvu. "Baba, robo saa hii ndiyo kitu pekee mlicho nacho."

"Ndiyo. Na ikitokea ni saa kumi na dakika tano, na sisi tuko hapa tunasema nipo nipo?"

Hapo Chelewa, aliyekuwa bado anahema, akasema kwa upande wake si tatizo, maana robo saa hiyo yeye hakuwahi kuipata nzima. Wote wakacheka, hata Mama Mhuri, huku machozi yanamtoka. Walipoteremka ukingoni aliwasindikiza mpaka majini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mwezi huo mlinzi hakuvuta mnyororo. Madereva waliozoea kupumzika walilalamika kidogo. Baraza la ofisi likakauka mpaka mbao zikaanza kulia zikikanyagwa. Saa kumi ilipofika, Mama Mhuri alitoka na daftari, akageukia mtoni, akaita majina yote thelathini na saba, na baada ya kila jina alinyamaza kwa muda ambao mtu angetumia kusema nipo. Kwa Chelewa alinyamaza zaidi.

Siku ya kumi na mbili, alipokuwa anamwita Mrefu wa Pili, gari la fundi wa kuchomelea lilipita mbele ya ofisi kwa mwendo wa kasi, na binti wa Mama Mhuri nyuma, juu ya magodoro mawili. Mama Mhuri alitupa daftari, akalikimbilia, akadaka ubavu wa gari na kupanda, na umri ule. Saa kumi na dakika tano walikuwa katikati ya daraja. Daraja lilitulia.

Mtoto alizaliwa saa tatu usiku, upande wa pili, mikononi mwa mkunga yule yule. Msichana. Walirudi naye baada ya siku nne, fundi akiendesha polepole kama amebeba mayai.

Mji sasa una watu mia tano sitini na tatu, mkunga ametoka na mtoto ameingia. Sensa nyingine ni baada ya miaka kumi. Wilayani, kwenye faili, vibarua thelathini na saba bado vimepotea, na vingine bado vimetumwa.

Tarehe mosi ya mwezi uliofuata, saa kumi kasoro dakika tano, mlinzi alivuta mnyororo. Wanaume walipanda ukingo wakitiririka maji na kukuta magunia yametandikwa. Mama Mhuri alikuwa amempakata mtoto. Kimya alikuja akamwinamia, mikono ameiweka nyuma asimlowanishe, na alimwangalia kwa muda mrefu.

"Ana kilo ngapi?" aliuliza.

"Alizaliwa na tatu na robo."

"Ndiyo hizo hizo," alisema Kimya. "Wakati mnakwenda uzito wake hatukuupata vizuri, alikuwa amechanganyika na mama yake. Lakini mliporudi, nilimwambia Mrefu: huyo hapo, ni wetu, mhesabu."

Mama Mhuri akamrudishia binti yake mtoto, akafungua daftari, akaanza kuita.