Kicheko cha Achille

Octave Delpit aliketi katikati ya studio, visikizio masikioni, saksafoni imemlalia mapajani kama paka. Alikuwa na miaka themanini na moja, na New Orleans nzima ilishamzika katika mazungumzo, ikimtaja kama marehemu. Waliomfuata nyumbani na kumleta hapa ni vijana wawili: Zaria, fundi wa midundo ya kompyuta, na Dorsey, mpiga ngoma.

"Wimbo wenyewe uko wapi?" aliuliza.

"Hakuna wimbo, babu," Zaria alijibu. "Sikiliza tu, ukijisikia ingia."

"Enzi zetu mtu alibisha hodi kwanza."

Dorsey akacheka. "Kwetu mlango uko wazi, mzee."

Muziki ukaanza, mzito, wa taratibu, kama mto uliosinzia juani. Mara ndani yake ikazuka saksafoni nyingine, kali, yenye papara. Octave akakunja uso.

"Nani huyo anakimbia kama kaiba kuku?"

"Ni wewe, babu," Zaria alisema kwa wasiwasi. "Nimekata kipande cha santuri yako ya ujanani, nikakiweka humu."

Mzee alinuna. Alikwishashika visikizio avivue, ndipo nyuma ya zile noti akasikia mtu akicheka, kwa mbali. Moyo ukamruka. Achille! Mdogo wake, aliyepiga besi siku waliyorekodi santuri ile, na kabla ya mwaka kuisha akachukuliwa na homa ya mapafu.

Akafumba macho. Studio ikayeyuka. Palikuwa na dirisha wazi, harufu ya kamba wakikaangwa, na Achille kaegemea besi yake, shati limelowa jasho, anamngoja. Octave akainua saksafoni. Hakumjibu yule kijana mwenye papara, alimjibu anayecheka. Akapuliza noti moja ndefu, ikatetemeka, ikapasuka, naye akaiacha ipasuke. Kila kicheko kiliporudi alikuwa na habari ya kumpa. Mama alikufa usingizini. Nyumba yetu waliibomoa. Odile, uliyempenda, aliolewa Chicago, akawa anakuulizia hadi uzeeni.

Alipofumbua macho, ngoma zilikuwa kimya. Dorsey alikuwa akijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Babu, kwa saksafoni hiyo ulikuwa unaongea na nani?" aliuliza.

"Ndugu yangu. Mmemleta wenyewe, na hamna habari."

Zaria akarudisha rekodi nyuma, akasikiliza tena. "Kile kicheko? Mimi nilidhani ni mkwaruzo wa santuri. Nilitaka kukifuta."

"Thubutu! Mfute huyo mwizi wa kuku. Achille mwache."

Zaria akaifuta ile saksafoni ya ujanani, akabakiza kicheko. Wakapiga upya, na hakuna aliyekumbuka chakula cha mchana.