Habari Isiyosemwa kwa Simu

Jumapili, tarehe 9 Machi 2025.

Binti yangu Dama anasomea umisionari katika chuo kimoja huko Ufilipino. Wanafunzi hupewa simu zao Jumapili tu, baada ya ibada. Kwetu Kibuyuni, mtu haambiwi msiba kwa simu. Huendewa, akaketishwa, akashikwa mkono, ndipo akaambiwa. Kule Dama hana jamaa wa kumshika mkono. Kwa hiyo, tangu tulipomzika baba yake mwezi uliopita, nimekuwa nikimdanganya kwamba alipona ugonjwa wake.

Leo amepiga tena.

"Shikamoo mama. Baba yuko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Yuko pwani, anaanika mwani."

"Kila nikipiga yuko na mwani! Basi na auoe!"

Nikacheka naye. Kisha akasema, "Mwambie leo nimesimama kanisani, nikamshukuru Mungu mbele ya wenzangu wote kwa kumponya baba. Wamepiga makofi!"

Nikaitikia, "Amina," nami najua kaburi bado halijaota nyasi.

Simu ilipokatika, nilichukua daftari langu la masomo ya ngumbaru, nikaandika haya kwa mkono wangu mwenyewe.

Wewe unayesoma, ukimjua mtu yeyote aliye karibu na chuo hicho, mfikishie karatasi hii. Mwambie asimkabidhi Dama. Aketi naye kwanza, amshike mkono, kisha amsomee: Baba yako Mwero alifariki tarehe tatu Februari. Mama aliogopa usije ukalia peke yako.