Jiko la Msiba Halikuwashwa

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne ya tarehe 4 Machi 2025, Zam alikuwa amelala kwenye mkeka barazani mwa hospitali moja mjini Arua, katikati ya wodi ya wanaume na wodi ya wanawake. Ndani, vitanda vitatu vilikuwa wazi. Rosa Kiden, aliyekuwa akimuuguza, alivihesabu mara mbili kupitia dirisha. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na moja na hakupenda kukasirika kwa makadirio.

"Mama Rosa," Zam alisema, "wameniacha nje kama kiatu cha msikitini."

Paja lake la kushoto lilikuwa limevunjika. Jumamosi, wanaume wanne walimvuta kutoka kwenye cherehani yake sokoni Koboko, wakampiga kwa nondo, wakisema mwanamume havai gauni. Zam alikuwa akivaa gauni kwa miaka tisa. Sare za shule za watoto wa soko hilo alizishona yeye.

Daktari wa mifupa angekuwepo Alhamisi tu, kisha mwezi uliofuata. Karatasi ya upasuaji, muuguzi alieleza, itiwe saini na ndugu, au na anayemuuguza mgonjwa akiwa na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Mfupa ukiachwa mwezi mzima ungeunga upande, na Zam asingekanyaga cherehani tena.

Ndugu alikuwa mmoja, Yasiri, kaka mkubwa. Rosa alimpigia simu.

"Anyoe nywele, avae suruali, aitwe Lako kama baba alimuita," Yasiri alisema. "Hapo mimi nitasaini."

"Na mguu?"

"Mguu iko ya Mungu."

Rosa alikata simu. Alimwachia uji na sabuni Mireille, mwanamke wa Kikongo aliyekuwa akimuuguza mumewe wodini, akapanda gari la Koboko.

Huko Lobule, kijijini kwao, nyumbani kwa mwenyekiti Lokule, kulikuwa na msiba. Mama yake alikuwa amefariki Jumatatu, azikwe Jumatano. Rosa alitoa pole kwanza, ndipo akaomba barua.

"Mwalimu, hiyo siwezi," Lokule alisema. "Iko sheria ya ushoga, ya mwaka ishirini na tatu. Watu watasema mimi naunga mkono mambo hiyo."

"Barua ina mistari miwili, Mwenyekiti. Kwamba Zam anakaa kijiji hiki, na kwamba mimi ndiye ninayemuuguza. Upi ni uongo?"

"Usinifundishe hesabu kwa msiba."

Yasiri, aliyeketi na waombolezaji, alicheka. "Mwalimu, tafuta mgonjwa mwingine. Huyo hata hospitali haijui imulaze wapi."

Rosa aliaga, akaenda kuwatafuta wenzake wa jikoni.

Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa akina mama wa jungu, wanawake kumi na tisa waliopika katika kila msiba wa kijiji hicho. Kanuni yao ya kwanza waliirithi kwa mama zao: mwenzao akiugua na kunyimwa msaada, hawawashi moto katika nyumba iliyomnyima. Zam alikuwa wa kumi na nne katika daftari lao. Lokule hakujua. Wanaume hawakuingia jikoni mwa msiba, basi hawakujua anayewapikia.

Jumatano saa moja asubuhi wanawake walifika, wakapanga mafiga, wakateleka majungu, wakaketi bila kuwasha moto. Prossy peke yake alisema ana watoto na hataki kesi, akaenda zake. Kumi na saba walibaki. Fahali alikuwa ameshachinjwa, na nzi walikuwa wameanza. Kufikia saa nne wageni walijaa uani, na wazee waliotembea tangu alfajiri waliomba chai. Hakukuwa na chai.

Lokule alikuja mpaka mlangoni pa jiko. "Mwalimu, unaniaibisha mbele ya maiti ya mama?"

"Mama yako alipougua mwaka jana, nani alimbeba kwenda chooni wiki tatu? Zam. Kwa msiba wa baba yake Yasiri, nani aliinua jungu la nyama? Zam. Mlikula. Nyote mlikula, na hakuna aliyeuliza."

Concy, dada yake Lokule, alitoka chumbani mwa marehemu. "Lokule! Wageni iko mia mbili, na wewe unashika muhuri kama mutoto anashika titi. Andika!"

Lokule aliandika, karatasi ikiwa juu ya goti. Rosa aliisoma. Ilisema Lako.

"Faili la hospitali linasema Zam. Hii haifai."

"Ni mutu mmoja!"

"Basi andika lile jina lingine."

Rosa aliichana vipande viwili, akampa karatasi mpya. Yasiri alisimama akapiga kelele kwamba ndugu yake ni Lako na atakufa Lako. Mzee mmoja mwenye njaa alimwambia akae chini.

Barua ya pili ilipigwa muhuri saa tano na robo. Rosa aliisoma mara mbili, akaikunja, kisha akawasha kiberiti.

Alhamisi saa nne na dakika ishirini muuguzi alikuja barazani na faili, barua na karatasi yenye saini ya Rosa zikiwa ndani yake.

"Zam?"

"Mimi." Aliinua mkono kutoka mkekani.

Ndani, vitanda viwili bado vilikuwa wazi. Walimpandisha kwenye kitanda cha magurudumu, Rosa akabeba viatu vyake. Saa nne na dakika ishirini na tano mlango wa chumba cha upasuaji ulifungwa.