Picha Safi ya Mama Mkwe

Fundi Waya alitembea mtaani kifua mbele kwa sababu ya mtu mmoja: mama mkwe wake. Wateja wengine wote wa kebo walimpigia simu kulalamika, huyu picha inacheza, yule sauti inakoroma. Mama mkwe peke yake, kila akiulizwa, alijibu kwamba picha ni safi. Fundi alimvutia waya bure siku za uchumba, mpaka chumbani kwake, akamfungia na televisheni. Tangu aoe hakukanyaga tena chumba kile, maana mkwe mwenye adabu zake huishia sebuleni.

Sasa watu hawakutaka picha, walitaka intaneti, na Fundi aliapa kuipitisha kwenye nyaya zilezile kuukuu kabla kampuni kubwa haijaja kummeza. Ubaya ni kwamba televisheni hupokea tu. Intaneti hutaka kila nyumba ijibu, na waya ulioachwa wazi katika nyumba moja huokota kelele na kuwamwagia wote. Mtu akiwasha blenda, mtaa mzima unakatika.

Akapanda nguzo baada ya nguzo na kipimo chake, akizima nyumba mojamoja. Kelele zikabaki palepale, mpaka ikasalia nyumba moja tu ambayo hakuwa ameigusa. Ya mama mkwe.

Mkewe, aliyemshikia ngazi, akamwambia akate tu. Fundi akaja juu. Amkatie mteja pekee anayemsifu, tena mkwewe? Lakini wateja waliokuwa wakiijaribu intaneti yake walishaanza kuiulizia ile kampuni kubwa. Akafumba macho, akafungua kiunganishi cha waya ule. Kelele zikafa hapohapo, na mtaa mzima ukapata intaneti. Hakufurahi hata kidogo. Alikuwa anaingoja simu ya mama mkwe.

Haikuja. Kesho yake pia haikuja. Uzalendo ukamshinda, akaenda kuomba radhi, akiwa amemtanguliza mkewe kama ngao. Mama mkwe akawakaribisha sebuleni, akauliza habari za kazi. Fundi akauliza televisheni inaonyeshaje siku hizi.

"Safi kabisa, baba. Kama siku ile ulipoifunga."

Fundi akamgeukia mkewe. Mkewe alikuwa anakagua dari.

"Ilikufa lini?" akamuuliza walipofika nje.

"Wiki ileile uliyoifunga. Tukaitoa, waya ukabaki unaning'inia. Mama akasema kijana ana moyo mwepesi, tusimvunje."

Ilimuuma. Miaka yote hiyo alijisifu kwa picha ambayo hakuna aliyeitazama. Halafu, akiwa bado amesimama pale mlangoni, akaona kwamba hakuna mtu aliyewahi kumhurumia kwa muda mrefu namna ile, na machozi yakamlengalenga. Akarudi ndani kumuaga vizuri.

"Na hiyo intaneti yako mpya," mama mkwe akamwambia, akimshika mkono, "watu wasikusumbue, baba. Kwangu inashika vizuri sana."