Digidigi Asiyepigika

Malalamiko yalikuwa mia mbili na kumi na manne, na Hyasinta aliyasoma yote, hata yale yenye matusi ya nguoni. Yote yalisema kitu kimoja: Digidigi hapigiki.

Digidigi alikuwa roboti wake. Kwenye gemu ile ya vita ya mtandaoni, ambayo yeye na Felisian waliitengeneza kwa miaka mitatu katika chumba cha kupanga hapo Musoma, kulikuwa na roboti wazito waitwao Kiboko, wenye chuma kinene na mwendo wa kobe. Halafu kulikuwa na Digidigi, mwembamba, ngozi bati tupu, risasi mbili zinatosha kumlaza chini. Kitu pekee alichopewa ni mbio. Spidi yake ilifungwa kwenye kilomita tisini kwa saa, haizidi hapo hata ubonyeze mpaka kidole kiote sugu. Tisini hiyo ilimgharimu Hyasinta miezi minne ya kujaribu na kukosea, na aliipenda kama mpishi anavyopenda mchuzi alioupatia chumvi.

"Ijumaa tunaachia toleo jipya," Felisian alisema. "Tunamshusha sabini, kelele zinaisha. Na yule MamaPamba tunamfungia."

Felisian alikuwa mzaliwa wa Bunda, mtu wa namba, na ubishi wake ulikuwa wa kimyakimya, ule unaochosha kuliko wa makelele.

"Kwa sabini atakuwa kitoweo," Hyasinta akasema. "Nani atamchukua tena?"

"Mwenye kupenda kitoweo."

MamaPamba lilikuwa jina la mchezaji mmoja aliyeingia kwenye gemu kila siku na Digidigi wake. Mwezi huo watu walimfyatulia risasi elfu tatu na zaidi, zikampata kumi na moja. Kumi na moja! Seva, kama ilivyoagizwa kufanya kwa yeyote mwenye hesabu za ajabu, ilimbandika alama nyekundu pembeni ya jina: ANASHUKIWA WIZI, yaani huenda anauchakachua mchezo ili asipigike. Kila aliyeingia aliiona. Neno hilo alilichagua Hyasinta mwenyewe, siku moja ya vicheko, akaona linachekesha. Ijumaa akaunti ingefungwa moja kwa moja.

MamaPamba alikuwa ameandika ujumbe mmoja tu: "Mimi ni Tereza wa Kiabakari. Sijawahi kuiba hata hindi la jirani. Njooni muangalie wenyewe."

Njooni muangalie. Hyasinta alishakutana na wezi wengi wa gemu. Walitukana, walilia, walimsingizia mdogo wao, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumkaribisha nyumbani. Akafungua kumbukumbu za huyo mama kwa mara ya tano. Spidi ya juu kabisa: themanini na nane. Chini ya tisini, halali kabisa. Sasa kama haibi spidi, anaiba nini? Swali likamkaa kooni kama mwiba wa samaki, na Jumatano asubuhi, huku Felisian akitikisa kichwa, akafunga laptopu yake na kwenda kupanda basi.

Kiabakari alimkuta dereva wa bodaboda ambaye hakuhitaji maelezo mengi. "Mama Tereza yule wa gemu? Yule mwizi?" akauliza akicheka, na Hyasinta, kwa mara ya kwanza, hakuona cha kuchekesha.

Alimkuta Tereza shambani. Mvua za kwanza zilikuwa zimelainisha udongo na watu walikuwa wakilima kwa ajili ya pamba. Mume wake, mzee Silasi, alishika mikono ya plau nyuma ya maksai wawili. Mbele ya maksai, kamba mkononi, alitembea mwanamke wa miaka hamsini na kitu, gauni limekunjwa magotini, simu imefungwa kwenye pembe ya khanga.

"Shikamoo mama. Naitwa Hyasinta. Mimi ndiye niliyetengeneza Digidigi."

"Marahaba mwanangu." Tereza hakusimama. "Karibu. Ngoja tumalize mistari mitatu, ng'ombe wakishaanza huwaga sikatishi. Kaa hapo."

Hyasinta akakaa juu ya kichuguu na kutazama, maana hakuwa na la kufanya. Ng'ombe mmoja alikuwa kijana, mwenye papara, anayetaka kukimbia. Kila alipovuta, Tereza alimrudisha kwa kamba na sauti ndogo, akatembea mwendo uleule wa polepole mstari mzima. Lakini walipofika mwisho wa shamba, mahali pa kugeuka, alipiga mluzi na kuiachia kamba, na yule kijana akazunguka mbio, plau likageuka mara moja, mstari mpya ukaanza. Kisha mwendo ukarudi polepole.

"Kwa nini anakimbia kwenye kona tu?" Hyasinta aliuliza walipofungua nira.

"Ukimkimbiza kwenye mstari, kwenye kona anakunyima," Tereza akasema. "Nguvu zimeisha, anasimama, plau linalala. Mbio ni za kugeukia. Hata baba yangu alikuwaga anasema hivyo, ukimuona mtu anakimbiza ng'ombe kwenye mstari ujue shamba si lake."

Hyasinta alihisi kitu kikimtekenya kichwani, ila hakukishika bado. "Mama, nicheze na wewe kidogo? Nataka nione."

Wakakaa kivulini mwa ukuta wa nyumba. Tereza alijifunza gemu ile msimu uliopita kwenye foleni ya mzani wa pamba, ambako mtu hungoja zamu yake tangu asubuhi hadi jua linapinduka, na mpaka leo alikuwa akicheza saa ambazo ng'ombe wanapumzika. Akaifungua simu, akamwita Digidigi wake kwa jina la ng'ombe, "Haya Bunduki, twende," na vita vikaanza.

Kiboko wawili walitokea kilimani wakafyatua. Hyasinta aliinama mpaka nywele zake zikagusa bega la mama wa watu. Risasi zote zilianguka mbele ya Digidigi, hatua tatu, hatua nne mbele. Vumbi likatimka mahali ambapo hakuwepo. Akaangalia kona ya kioo, palipoandikwa spidi. Sitini na moja. Sitini. Sitini na mbili. Ukuta ulipotokea, Tereza akapiga mluzi wa kweli kwa mdomo, spidi ikaruka mpaka themanini na nane, Digidigi akageuka, ikashuka tena sitini.

"Mama! Mbona hukimbii?"

"Nikimbie niende wapi? Mbio ni za kugeukia, nimekuambia." Risasi nyingine tatu zikapita mbele. Tereza akasonya kwa huruma. "Hawa watu wa gemu yenu, mwanangu, nisikufiche, hawajuagi kulenga kabisa. Nimewashangaa siku nyingi."

Hyasinta akaomba simu. Akamshika Digidigi huyohuyo, kwenye vita hivyohivyo, akabonyeza spidi mpaka mwisho: tisini. Hakumaliza hesabu ya kumi. Risasi mbili, chali.

Akacheka peke yake hadi mzee Silasi akachungulia dirishani. Kwenye gemu ile risasi ilichukua muda kufika, kwa hiyo mpigaji alilazimika kulenga mbele ya anayekimbia. Na wachezaji wote wa Digidigi, wote kabisa, walikimbia tisini, kwa sababu tisini ndiyo aliyowapa. Mikono ya wapigaji ikazoea: ukimuona Digidigi, lenga mbele kwa tisini. Ndipo akaja mwanamke wa kutembea mbele ya maksai, na kila mtu akawa anampiga Digidigi mwingine ambaye hayupo. Nao ofisini, na kompyuta zao zote, walikuwa wametazama spidi ya juu tu. Ilionyesha themanini na nane, ile ya kwenye kona, kama ya mtu yeyote. Hakuna aliyefikiri kuangalia anatembeaje katikati.

Aibu ikafuata nyuma ya kicheko, na ilikuwa nzito kuliko alivyotegemea.

"Mama, wewe huibi. Nisamehe. Ile alama ni mimi niliyeiandika."

Tereza akasema taratibu, "Jumapili, kanisani, mke wa mwalimu Bonifasi kaniuliza kama ni kweli naibaga kwenye simu. Kanisani, mwanangu. Nimezaa watoto watano, nimezika mmoja, hakuna mtu aliyewahi kuniita hilo jina."

"Kuna njia mbili, mama," Hyasinta akasema. " Naweza kuitoa alama kimyakimya leo hii. Siri yako inabaki yako, na utaendelea kutopigwa. Au niwaeleze wote jinsi unavyocheza, waone huibi. Lakini wakishajua, wataacha kulenga mbele mno. Utaanza kupigwa kama wengine."

"Hiyo alama mliiweka kimyakimya?"

"Hapana, mama."

"Basi na kuitoa iwe vilevile."

Ijumaa Felisian alitazama mara nne video ya vita vya Tereza ambayo Hyasinta alirudi nayo. Kisha akarudi kwenye yale malalamiko mia mbili na kumi na manne, akayapanga upya kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuyapanga, na kukuta kwamba mia moja na sitini na matatu yaliandikwa na watu waliotoka kupigana na mtu mmoja. Akafuta sabini aliyoiandika, akarudisha tisini. Hakuomba radhi, ila alimnunulia Hyasinta chapati, na kwa Felisian hiyo si haba.

Wakatoa toleo jipya, spidi ileile, na tangazo ambalo kila mchezaji alilazimika kulipitia kabla ya kuingia: video ya Tereza kuanzia mwanzo hadi mwisho, na maneno ya Hyasinta. Kwamba MamaPamba hakuiba chochote. Kwamba waliomshuku walikosea, na aliyekosea zaidi ni mtengenezaji. Neno lile la alama nyekundu lilifutwa kwenye gemu nzima.

Ndani ya siku tatu Digidigi walianza kutembea kila mmoja kwa mwendo wake, na wapigaji wakalazimika kumtazama aliye mbele yao badala ya kukisia. Hyasinta alikesha? Hata kidogo, alilala usingizi mzuri, na mchana akakaa kuitazama michoro ya spidi kama mtu anayetazama mvua ikinyesha shambani kwake.

Jumatatu, jua likiwa kali, saa ambayo ng'ombe hupumzika, simu yake ikaita.

"Mwanangu, hawa watu wamejua kulenga!" Tereza alikuwa akihema kama aliyetoka kukimbia. "Leo nimeuawa mara saba. Saba! Yule mke wa mwalimu naye kaingia, kaniua mara mbili."

"Pole sana, mama."

"Pole ya nini? Baada ya hapo kaandika pale chini, watu wote wanaona: shikamoo Mama Tereza, nifundishe kona."