Ndani ya Chikichi

Darasa letu la watu wazima lilikubaliwa kuingia labo ya shule kwa majaribio tu, na ruhusa hiyo Mwalimu Généreuse aliipata kwa kuomba sana. Mkuu wa masomo, Bwana Bienfait, hakutaka. Shule nzima ina hadubini moja, na sisi karibu wote ni watu wa mawese: tunachemsha, tunatwanga na kukamua, hapa Rumonge, Burundi, na kule Kizuka. Alisema mikono yetu itapaka lenzi mafuta mpaka wanafunzi wa mchana wasione kitu. Tukiichafua siku ile ya kwanza, basi, hatutaingia tena.

Mimi nilisoma shule ya jioni Kigoma wakati wa ukimbizi, na cheti changu kiko ukutani sebuleni, kwenye fremu. Seli nilizijua kwa picha: ukuta, utando, ute, na kiini ndani yake. Lakini picha ni picha. Kwa kuwa nilikwenda kuziona kwa jicho langu mwenyewe katika umri huu, nilivaa koti langu la heshima.

Mwalimu alibandua ngozi nyembamba ya kitunguu, akaitandaza juu ya kipande cha kioo, akadondoshea iodini, akakiweka chini ya hadubini. Kisha akatoka kwenda kumwita Bwana Bienfait. Melkiades, mwenzetu asiye na subira, akakisogeza kile kioo kwa kidole ili aone vizuri zaidi. Akainama, akatutangazia kwamba seli ni za mviringo, tena zina rangi ya dhahabu. Tukapanga foleni. Kila mmoja akaziona. Nestori akaona mpaka viini. Nami nikainama, nikaiona ile miviringo inang'aa, nikawathibitishia kuwa ndizo, maana katika mambo ya kitabu hunitegemea mimi.

Jovita, mama anayekamua mawese kule Kizuka, alitazama kwa muda mrefu kuliko sisi, akampisha wa nyuma yake bila kusema ameona nini.

Mara Bwana Bienfait akaingia na mwalimu. Aliweka jicho, akachekea puani.

"Hii si seli. Iko mawese. Mumekaa hapa kutazama vidole vya Melkiades."

Watu wakacheka, Melkiades akatia mkono mfukoni. Lakini mkuu alikuwa ameshaacha kucheka. Alikuwa anatafuta kifuniko cha hadubini ili aifunike, somo liishe.

Mwalimu Généreuse hakubishana naye. Alimwomba avumilie kidogo, akafuta lenzi kwa pamba yenye spiriti, akamwomba Jovita chikichi moja bichi kutoka kwenye kikapu alichotoka nacho kazini. Kwa wembe alikata nyama ya tunda lile, kipande chembamba hivi kwamba mwanga ulipenya. Mwalimu wetu ni binti mdogo, anaweza kuwa mjukuu wangu, na mkuu wake amesimama nyuma yake na kifuniko mkononi, lakini alikata bila haraka. Akakiweka kile kipande chini ya hadubini, akamwita Jovita, akamwambia aseme anachokiona, asiseme anachokijua.

"Naona vyumba," Jovita alisema. "Vimebanana, na kila kimoja kina ukuta wake. Mafuta yamo ndani, matone matone." Akainua kichwa. "Yale ya Melkiades hayakuwa na ukuta. Ndiyo maana sikusema kitu."

"Na kiini?" Bwana Bienfait akauliza. "Kitabu kinasema kipo."

Jibu la kitabu nililijua, na nusura nimnong'oneze. Aseme tu kipo, tupone.

"Sikioni, bwana mkuu. Labda mafuta yamekifunika. Siwezi kusema nimekiona."

Bwana Bienfait akainama mwenyewe. Alizungusha lenzi polepole huku na huku.

"Hata mimi sikioni," akasema.

Hapo mwalimu akaweka kipande cha chikichi lililochemshwa, na safari hii mkuu alibaki kusikiliza pamoja nasi. Vile vyumba vilikuwa vimeachana, kuta zimelegea. Mwalimu alieleza kwamba moto hulegeza kuta za seli na mchi huzipasua, ndipo mafuta hutoka. Mama yangu alitwanga maisha yake yote, nami baada yake, na hatukujua kwamba kila pigo la mchi linabomoa maelfu ya nyumba. Mwalimu akaongeza kwamba ule utando mwembamba ulio ndani ya ukuta, unaochuja kinachoingia na kinachotoka, nao umejengwa kwa aina fulani ya mafuta, na kwamba mwilini mwangu ni hivyohivyo. Nilitazama mkono wangu kwa heshima ambayo sikuwahi kuwa nayo.

Bwana Bienfait alikiweka kifuniko mezani.

"Wiki ijayo muje na sabuni," alisema. "Asiyenawa haingii."

Tukamshukuru kwa Kirundi: murakoze. Siku hizi kabla ya somo tunajipanga bombani na kunawa hadi viwiko kama madaktari. Jovita ndiye anayesimama mlangoni kukagua vidole, na hamwonei mtu haya. Jana alinirudisha bombani, na koti langu nimelivaa.